Old Fashioned ya viungo nyumbani: Jim Beam au Maker's Mark?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani kwangu hapa Moshi nina chupa mbili za bourbon, yaani wiski ya Marekani: Jim Beam yenye karatasi nyeupe na Maker's Mark yenye nta nyekundu shingoni. Nina kichupa cha Angostura, kile kimiminika kichungu cha kukolezea kokteli, na viungo kutoka soko la Mbuyuni. Tunatengeneza Old Fashioned ya viungo, kokteli ya wiski, sukari na kitu kichungu, na wenye haraka nawapa jibu mapema: kwa kokteli hii, chukua Maker's Mark. Sababu zinakuja, na Jim Beam nayo ina nafasi yake.

Dukani wiski zote zinapangwa rafu moja, kwa hiyo tuelewane kwanza. Kwa sheria ya Marekani, bourbon lazima itokane na nafaka ambayo angalau asilimia 51 ni mahindi, ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, na ijazwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Hairuhusiwi kuongezewa rangi wala ladha. Utamu ni wa mahindi, na ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua inatoka kwenye pipa. Ndiyo maana bourbon na mdalasini vinapatana bila kulazimishwa. Wiski ya Scotland yenye harufu ya moshi iacheni kwa siku nyingine, humu itagombana na kila kitu.

Kabla hujalipa, geuza chupa uangalie stempu ya kielektroniki ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Simu yako ikiwa na programu ya Hakiki Stempu, iskani palepale dukani. Pombe bandia zinaua watu, na muuzaji mwaminifu hakasiriki ukikagua.

Sasa tuonje kavu. Jim Beam hii ina asilimia 40 na imekaa pipani miaka minne. Inateremka kirahisi, ina vanila na kama harufu ya karanga zilizokaangwa, na inaisha haraka mdomoni. Maker's Mark ina asilimia 45. Bourbon nyingi hutumia nafaka iitwayo rai (kwa Kiingereza rye) kuwa ya pili baada ya mahindi, na hiyo ndiyo inayoleta ukali fulani wa pilipili. Maker's Mark wao wameweka ngano. Kwa hiyo ni laini, tamu, lakini ina nguvu chini yake. Unaona? Ukali wa viungo tutauleta sisi wenyewe, tunachohitaji kwenye chupa ni mwili wa kuubeba.

Jikoni, basi. Viungo havitumbukizwi kwenye glasi, wala siwashauri kuviloweka ndani ya chupa ya bourbon. Karafuu haina adabu. Ikikaa kwenye pombe inatoa mafuta mpaka ulimi unakufa ganzi, na chupa nzima ndiyo imekwenda hivyo. Viungo tunaviweka kwenye shira, ileile ya kaimati ila nyepesi zaidi.

Sukari gramu 200, maji mililita 200. Natumia sukari ya TPC yetu ya hapa Moshi, yenye rangi ya kahawia kidogo, kwa sababu inabaki na ladha ya muwa. Mdalasini kijiti kimoja, karafuu nne tu, iliki tano zilizopondwa, pilipili manga punje sita, na vipande vitatu vyembamba vya tangawizi. Moto mdogo. Sukari ikiyeyuka na sufuria ikianza kuchemka, epua, funika, acha kama nusu saa. Nasogeza kamera muone: rangi imekuwa kama chai ya rangi, na juu kuna vidoa vidogo vya mafuta vinavyong'aa. Hayo ndiyo tunayoyataka. Onja sasa hivi. Karafuu ikianza kutawala, usingoje nusu saa itimie, chuja. Itakaa kwenye friji wiki mbili bila shida, na ikibaki, tia kwenye chai ya maziwa asubuhi.

Mdalasini jamani nunueni wa vijiti, siyo wa unga. Unga hauchujiki vizuri, kokteli inakuwa na tope chini.

Tuje kwenye Angostura, na hapa naomba mnisikilize, maana ndipo watu wengi wanapoiruka wakidhani ni pambo. Mwaka 1806 gazeti moja la Hudson, New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali, sukari, maji na kitu kichungu. Ukitoa uchungu unabaki na wiski yenye sukari. Wazee wetu wa Kichaga wanalijua hili siku nyingi: mbege ina ndizi, ina ulezi, na ina gome la msesewe, na bila msesewe ule utamu wa ndizi unalala tu mdomoni. Angostura inafanya kazi hiyohiyo kwenye glasi hii. Ilianzishwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, huko Venezuela, na leo inatengenezwa Trinidad. Kichupa utakitambua kwa mbali, karatasi yake ni kubwa kuliko chupa yenyewe. Kina bei, ila unatumia matone, kitakaa nawe muda mrefu sana. Ukiwa na bajeti ndogo, nunua Jim Beam pamoja na Angostura kuliko Maker's Mark bila Angostura. Hilo nalisema kwa moyo wote. Na tafadhali msijaribu kutia msesewe humu, wenye kujua kipimo chake ni wapishi wa mbege.

Barafu iwe kubwa. Jaza maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki, gandisha usiku kucha. Bonge moja linayeyuka polepole kuliko vipande vidogo. Kifunike kama friji yako ina samaki, barafu inashika harufu kuliko mnavyodhani.

Tunachanganya. Bourbon vijiko vinne vya chakula, yaani mililita 60. Shira vijiko viwili vya chai. Angostura, inamisha kichupa juu ya glasi ukitikisie ndani mara mbili. Bonge la barafu, kisha koroga taratibu kama nusu dakika. Hapa tunakoroga tu, hatutikisi, tunataka ibaki nzito na angavu.

Mwisho ganda la chungwa. Machungwa ya Muheza mengi yana ganda la kijani hata yakiwa yameiva, na hilo lisikutishe, chagua lililoanza kugeuka njano, lenye ngozi ngumu. Menya kipande cha urefu wa kidole, chembamba, bila ule weupe mwingi wa ndani. Sasa tazameni hapa kwenye mwanga: nalikunja juu ya glasi, upande wa nje ukitazama chini… mmeona ule mvuke? Ni mafuta ya ganda, yametua juu ya kinywaji. Pitisha ganda kwenye mdomo wa glasi, tumbukiza.

Nimetengeneza mbili, kipimo kilekile. Ya Jim Beam ni nzuri wakati huu, dakika za kwanza. Lakini nimeziacha kidogo, na barafu ikishayeyuka, mdalasini na iliki zimepanda juu, bourbon imekwenda nyuma. Ya Maker's Mark bado inajitambulisha: unaanza na chungwa, unakuta karameli, tangawizi inakuja ukishameza, halafu uchungu unasafisha mdomo. Zile asilimia tano zinafanya kazi yake.

Mwenye Jim Beam tayari nyumbani asiende kununua nyingine. Punguza shira iwe kijiko kimoja na nusu cha chai, toa tangawizi kwenye viungo, na koroga muda mfupi zaidi. Itakaa sawa.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 12 kwa kipimo hiki, kwa hiyo gawanya bei ya dukani kwako kwa 12 kabla hujaamua. Ni kinywaji cha wenye miaka 18 na kuendelea, na ni kikali kuliko kinavyoonja, kwa hiyo mgeni aliyekuja na gari mpe soda ya tangawizi yenye kijiko cha shira hiihii. Ganda la chungwa mwekee vilevile.