Nilivyokodi boila la korosho kufungia majani ya karanga, Masasi

Kuanzia Juni mpaka Agosti maboila madogo ya korosho, yale ya kuchemshia maji yatoe mvuke wa kulainisha korosho kabla ya kubangua, huku kwetu mengi yanakaa bure. Wabanguaji wadogo wameshamaliza mzigo wao, minada ya korosho bado, na mashambani unachosikia ni mashine za kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, tu. Kipindi hicho hicho ndicho mimi nahangaika na majani ya karanga. Nafuga ng'ombe wa maziwa wachache, na marobota (mafungu ya majani makavu yaliyobanwa na kufungwa kamba) yanayozidi nawauzia wafugaji wa Mtwara mjini na Mikindani, ambako malisho yakishafika mwezi wa tisa ni shida tupu. Safari hii nilikodi boila pamoja na fundi wake kutoka kwa mama mmoja mbanguaji, ili nilainishe majani kwa mvuke kabla ya kuyafunga. Watu wameniuliza sana kama inalipa, kwa hiyo naeleza.

Kwa karanga na kunde, inalipa. Kwa nyasi, achana nayo.

Anayefunga majani ya karanga anajua adha yake. Ukishang'oa, ukaanika na kuchuma karanga zako, mmea unabaki na shina nene kiasi na vijani vyembamba. Kusi likivuma na jua la Juni likiwaka, vijani vinakauka mapema mno kuliko shina. Ukisubiri shina likauke vizuri ili robota lisiote kuvu, vijani vimeshakuwa kama karatasi iliyoungua. Shika konzi saa sita mchana, ikunje: unasikia mlio wa kuvunjika, na mkononi unabaki na vijiti. Chini ya miguu kuna unga wa kijani, na ule unga ndio chakula chenyewe. Protini ya mimea jamii ya kunde ipo zaidi kwenye majani kuliko kwenye shina. Majani ya karanga yaliyotunzwa vizuri yanaweza kufika asilimia 10 na zaidi ya protini, wakati nyasi zilizokomaa za kiangazi nyingi hazifiki hata asilimia 7 ambayo vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinahitaji ili vifanye kazi sawasawa. Ukifunga vijiti na kuacha unga shambani, umefunga kuni.

Wengi wetu tunategemea umande. Unaamka alfajiri, unafunga majani yakiwa yamelegea, na saa tatu asubuhi mchezo umekwisha. Shida ya umande ni kwamba unashika juu ya lundo tu, chini pakavu. Siku nyingine unakuwa mwingi unatiririka, siku nyingine haupo kabisa. Na vibarua wa saa kumi alfajiri, kwa pesa ninayolipa mimi, nimewatafuta sijawapata.

Wazo la mvuke si langu. Marekani, mji wa Cedar City jimbo la Utah, kuna kampuni inaitwa Staheli West inayotengeneza mashine ya DewPoint. Inavutwa katikati ya trekta na mashine ya kufunga marobota, ina boila lake, na inapuliza mvuke kwenye majani ya alfalfa, malisho ya jamii ya kunde, yakiwa yanaingia kufungwa. Kule hewa ni kavu sana, na mkulima anaweza kufunga mchana badala ya kukesha akisubiri umande. Mashine ile na kasha langu la mbao la kufungia marobota ni mbingu na ardhi, ila kanuni ni ileile. Na kilichonishawishi zaidi si Utah, ni yule mama mwenyewe. Nilipomweleza ninachotaka hakushangaa hata kidogo. "Mwanangu, hata korosho ikishatoka kwenye oveni ikamenywa, ukiipaki ilivyo inavunjika. Tunairudishia unyevu kidogo kwa mvuke ndiyo tunafunga." Basi, tukaelewana palepale.

Huduma yenyewe ilikuwa hivi. Boila lilikuja kwenye guta, pamoja na fundi, mpira wa mvuke na bomba la chuma lililotobolewa matundu. Kodi ni shilingi 40,000 kwa siku, maji na kuni juu yangu. Mimi niliandaa kichanja cha waya wa kuku kilichoinuliwa kutoka ardhini, bomba likapita chini yake, majani yakatandazwa juu kwa unene wa kama shubiri mbili, kisha turubai likafunika. Mvuke ukifunguliwa, dakika tatu mpaka tano zinatosha. Ukifunua, harufu ni ya majani ya karanga yaliyochemshwa, na ukikunja konzi ileile haivunjiki tena, inalala kiganjani. Hapo hapo unahamishia kwenye kasha, unakanyaga, unafunga kamba za katani. Kasha langu ni lile la kawaida la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, linalotoa robota la karibu kilo 20. Kwa majani yaliyolainika robota linabana vizuri zaidi na pembe zake zinakaa, kitu ambacho wateja wa mjini wanakipenda maana linapangika kwenye gari.

Kwa nini usinyunyize maji kwa kopo la bustani? Nimewahi kuona watu wakifanya hivyo na sipendekezi. Chukua kilo 100 za majani yenye unyevu wa asilimia 8. Ndani yake kuna kilo 92 za majani matupu na maji lita 8. Ukitaka yafike asilimia 13 unahitaji kuongeza lita kama 6 hivi, si zaidi, na hizo zigawanyike sawa kwenye marobota matano. Kwa kopo huwezi. Robota moja litakunywa lita tatu, jingine litabaki kavu, na tone la maji ya baridi linakaa juu ya jani bila kuingia haraka. Mvuke unapenya kila upenyo wa lundo, unagusa jani lililo baridi, unageuka maji papo hapo na kuliachia joto lake. Joto na unyevu kwa pamoja ndivyo vinavyolegeza jani. Vijani vyembamba vinalainika kabla shina halijapata cha kutosha, na ndivyo tunavyotaka.

Hapa niweke sawa jambo moja, maana jirani alikuja na majani mabichi akidhani boila litamkaushia. Mvuke unaongeza unyevu, haukaushi. Majani yako lazima yawe yamekauka kweli, shina mpaka ndani, ndipo ufikirie boila. Robota likifungwa na unyevu unaozidi asilimia 20 linachemka lenyewe ndani, linaota kuvu, na lundo kubwa linaweza hata kuwaka moto. Kwa karanga kuvu ni balaa zaidi kwa sababu ya sumukuvu: ng'ombe akiila, sehemu yake inatoka kwenye maziwa.

Kipimo changu ni chupa na chumvi, kilekile cha mahindi. Unakatakata majani vipande vidogo, unaweka kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana, unatia kijiko cha chumvi kavu, unatikisa dakika chache. Chumvi ikishikamana na kuganda ukutani, unyevu umezidi kama asilimia 15, usifunge. Ikibaki inachezacheza, endelea. Nilipima kabla ya mvuke, na tena kwenye marobota yaliyokwisha kupoa. Kipima unyevu cha korosho cha ghalani hakitakusaidia, kimetengenezwa kwa korosho.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni mpira. Kwanza ni mfupi, kwa hiyo boila linakaa karibu mno na majani makavu, na moto na majani makavu ni maadui. Tuliliweka upande wa kaskazini-magharibi ili kusi lipeleke moshi na cheche mbali nasi, na mapipa mawili ya maji yalikuwa pembeni muda wote. Pili, mvuke ukitulia kwenye mpira unageuka maji, na ukifungua ghafla yanatangulia maji ya moto kabla ya mvuke. Yale maji yanachuruzika sehemu moja ya kichanja. Fundi alitakiwa kuyamwaga nje kila mara kabla ya kuelekeza mvuke kwenye majani, akiharakishwa anasahau. Wiki chache baadaye nilifungua robota moja nikakuta kiraka cha ukubwa wa sahani, kijivu, kinatoa vumbi ukikigusa. Lote nililitia kwenye mboji. Mengine niliyoyakagua yalikuwa safi, rangi bado ya kijani, na ukilipigapiga robota chini unga unaotoka ni kidogo sana ukilinganisha na nilivyozoea.

Fundi alikuja pia na gunia la maganda ya korosho kwa ajili ya moto. Nilikataa. Maganda yanawaka vizuri, lakini mafuta yake yanawasha ngozi na moshi wake ni mkali. Sitaki harufu ile kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa. Kuni za kawaida zilitosha, tena hazikwenda nyingi kama nilivyoogopa.

Usalama usiuachie fundi peke yake. Kabla ya kuwasha nilimwomba anionyeshe valvu ya usalama ikifunguka yenyewe, na geji ya presha ikisoma. Geji ilikuwa imepasuka kioo ila inafanya kazi. Boila lisilo na valvu nzima, lirudishe lilikotoka hata kama umeshalipia guta. Na mvuke unaunguza kuliko maji ya moto: mikono mirefu, glavu, watoto wakae mbali.

Mengine madogo. Marobota yakitoka yana joto, usiyapange lundo siku hiyohiyo wala kuyafunika turubai usiku. Yasimamishe kwa ubavu kivulini yapoe na kupumua, ndipo uingize ghalani. Usianike majani yako chini ya mikorosho kipindi cha salfa, utakusanya na ule unga wa njano. Mbegu ya karanga niliyopanda ni Pendo, ya kituo cha utafiti cha Naliendele, na majani yake yalikubali vizuri. Kunde zilikubali vizuri zaidi, pengine kwa kuwa jani lake ni pana.

Nyasi nilijaribu kidogo kwa udadisi. Zilikuwa laini zaidi kukanyaga, basi. Nyasi hazipukutiki kama karanga, kwa hiyo unachoma kuni bila faida. Pia kama una majani ya marobota kumi tu, boila halifai, kodi itakula kila kitu. Subirini muwe watatu wanne mkusanye pamoja mahali pamoja, mgawane siku.

Kwa huduma nampa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ingine na moja zaidi ziko kwenye ule mpira. Ukitaka kukodi, wahi: ikifika katikati ya Agosti wanaanza kuyakarabati maboila kwa ajili ya msimu, na hapo hata ukiongeza hela hupewi. Nimeshamwambia mama anitengee wiki ya mwisho ya Juni mwakani, na anunue mpira mrefu wenye koki ya kumwagia maji. Akigoma nitaununua mwenyewe, kisha tukatane kwenye kodi.