Joto la Oktoba na kuku wa uani: ununue nini kwanza huku Nyanda za Juu Kusini

Mwambie mtu wa pwani kwamba kuku wa Mbeya hufa kwa joto, hatakuamini. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita tunalala na mablanketi mawili, na kule Makete kuna asubuhi unakuta sakitu kwenye majani. Ndiyo maana mabanda yetu tunayajenga kwa kuogopa baridi: tofali mpaka juu, dirisha moja dogo, bati bila dari. Banda hilohilo, ikifika Oktoba na Novemba kabla mvua hazijashika, linageuka tanuri. Anga halina wingu, jua la milimani ni kali, na bati linaanza kupokea moto tangu saa tatu asubuhi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nilirudi kutoka Mwanjelwa saa tisa alasiri nikakuta kuku sita wa nyama, wa wiki ya tano, wamekufa wamelala ubavu karibu na mlango, pale penye upenyo wa hewa. Nje, chini ya mgomba, palikuwa na ubaridi mzuri tu. Siku ile ndiyo iliyonifanya nipange manunuzi yangu hivi ninavyoyapanga hapa, kuanzia kwenye banda lenyewe na siyo kwenye kifaa cha umeme.

Kuku ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42 na hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema, kwa kutanua mabawa, na kwa kutoa joto kupitia upanga wa kichwani, ndevu na miguu. Banda likipita nyuzi 30 anaanza kuhangaika. Likipita 35, kuku wa nyama waliokaribia kuuzwa wako hatarini kufa. Wa mayai huanza kwa kupunguza kutaga, na ganda la yai huwa jepesi, kwa sababu kuhema sana kunamwondolea damuni hewa ya kabonidioksaidi anayoihitaji kutengeneza ganda. Kwa hiyo tafuta kipimajoto kidogo cha ukutani, ukining'inize usawa wa kuku na siyo usawa wa macho yako. Bila hicho utakuwa unabahatisha.

Namba moja: wavu na pazia

Shilingi ya kwanza iende hapa. Mwite fundi abomoe sehemu ya juu ya kuta mbili ndefu zinazotazamana, abakize tofali mpaka usawa wa goti au zaidi kidogo, kisha pale juu apigilie wavu. Hewa ya moto hupanda. Ikikosa pa kutokea inabaki chini ya bati na kuwarudia kuku.

Wavu uko wa aina mbili kubwa madukani. Ule wa matundu ya pembe sita ndio rahisi, lakini mbwa na paka pori huuchana, na kicheche huweza kupenya kwenye matundu makubwa. Ule wa matundu madogo ya mraba, uliochomelewa, ni ghali zaidi na ndio ninaoununua. Kwa anayebanwa na fedha, auweke huu wa mraba sehemu ya chini ya uwazi na ule wa bei nafuu juu yake.

Pazia ni turubai au viroba vilivyoshonwa pamoja. Hapa mafundi wengi hukosea. Watalifunga juu na kuliacha lining'inie, kama pazia la sebuleni, ukilikunja upepo unaingia chini na kuwapiga kuku moja kwa moja. Mwambie afunge ukingo wa chini ukutani, na kamba ivute ukingo wa juu. Ukitaka hewa unalishusha kutoka juu, na usiku wa Julai unalipandisha lote. Fundi wangu alinibishia: "Mama, hilo pazia umeligeuza." Nikamwambia aligeuze vivyo hivyo, na mpaka leo banda langu lina hewa Oktoba na lina joto Juni.

Namba mbili: chungu

Wengi wataona ajabu nikikitanguliza chungu cha udongo kabla ya vile vinyweshea vya plastiki vyekundu. Nimevitumia vyote viwili, na sababu ni hii. Kuku wa mayai mmoja hunywa kama robo lita kwa siku ya kawaida, na joto likizidi anaweza kufika nusu lita. Lakini maji yakiwa vuguvugu hapendi kuyanywa, na asiyekunywa hawezi kujipoza. Plastiki iliyokaa juani inakupa maji ya kuogea mtoto. Chungu kinapenyeza maji kidogo kidogo, yale maji yanakauka nje ya udongo na kuondoka na joto, na ya ndani yanabaki baridi bila friji.

Vizuri kabisa ni vile vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, pembeni mwa Ziwa Nyasa, vinavyouzwa soko la Lyulilo karibu na Matema na kupandishwa mpaka masoko ya huku juu. Cha kunifurahisha ni kwamba vinafanya kazi vizuri zaidi huku kwetu kuliko kule vinakofinyangwa. Kyela, ambako ndiko Ikombe iliko, ina unyevu mwingi hewani, maji hayakauki haraka. Hewa ya Uyole au Iringa mwezi wa kumi ni kavu, chungu kinatoa jasho mchana kutwa.

Chagua chenye mdomo mpana na kimo kifupi. Kigonge kwa kidole: mlio wa kengele ni mzima, mlio mzito kina ufa. Usinunue kilichopakwa rangi ya mafuta au kung'arishwa kwa vanishi, maana vitundu vyake vimezibwa. Kilaze ndani ya maji usiku mmoja, kisha kifukie nusu kwenye mchanga mbichi penye kivuli. Kama kuna vifaranga, jaza kokoto ndani wasizame. Na kisugue kila asubuhi kwa brashi bila sabuni. Utelezi wa kijani ndio hasara yake kubwa, nami sitakuficha: plastiki ni rahisi kuosha.

Kwa kuku mia, chungu kimoja hakitoshi. Weka vitatu au vinne sehemu mbalimbali, kwa sababu kuku anayehema hatatembea umbali kutafuta maji.

Namba tatu: kitu juu ya bati

Nyasi za kuezekea, zikitandazwa juu ya bati unene wa kiganja na kubanwa kwa mirunda, hupunguza joto la ndani kwa namna utakayoihisi ukiingiza kichwa. Kwa mwenye banda dogo la uani ni mzigo mmoja au miwili tu ya nyasi. Ubaya wake ni moto: Septemba na Oktoba watu wanachoma mashamba, na cheche husafiri. Banda likiwa karibu na jiko la kuni au shamba la jirani, acha nyasi, paka chokaa nyeupe. Inarudisha mwanga wa jua na ni rahisi mno, ila mvua za Desemba zitaiosha na mwaka ujao utapaka tena.

Neti nyeusi ya kivuli, ile ya kwenye vitalu vya miche, inafaa uani zaidi kuliko juu ya paa. Ivute juu ya mirunda minne, kuku wapate pa kushinda mchana. Mwenye mti hahitaji hata hiyo. Lakini kwa sisi wa Rungwe na Njombe ambako kila ua siku hizi una mparachichi: kivuli chake ni salama, ila majani, maganda na kokwa zake zina sumu kwa ndege. Fagia chini yake.

Bomba la kunyunyizia

Hapa inategemea unaishi wapi. Rujewa, Igurusi, au Pawaga kule Iringa, bonde ni la moto na hewa ni kavu, kwa hiyo ukungu mwembamba wa maji saa saba mchana unapoza kweli. Kyela usinunue, utaongeza unyevu juu ya joto, na kuku atazidi kuhema bila nafuu. Kokote uliko, usitumie solo, lile bomba la mgongoni, iliyowahi kupiga dawa ya nyanya au viazi, hata ukiiosha mara kumi. Nunua mpya, uiandike KUKU. Na maranda ya kutandika chini yasilowe.

Nikiyataja maranda: yale ya Mafinga yanapatikana kwa wingi, na mtu hushawishika kuyajaza. Wakati wa joto tandika membamba, sentimita tatu hadi tano, kwa sababu yakiwa mengi na mabichi yanachacha na kutoa joto lake.

Vitamini, na feni mwishoni

Pakiti za vitamini zenye elektrolaiti (chumvichumvi za mwili) na vitamini C husaidia siku mbili tatu za joto kali. Changanya asubuhi, mwaga yaliyobaki jioni. Ila muuzaji akisikia "kuku wanahema" anaweza kukupa antibayotiki. Kabla ya kulipa, waangalie kuku wako alfajiri. Kama wakati wa ubaridi wametulia, ni joto. Kama bado wanakoroma, wana makamasi au wamesinzia, hayo ni maradhi, mwite mtaalamu wa mifugo.

Feni nimeiweka mwisho kwa wa huku juu, kwa sababu banda lenye wavu pande mbili halihitaji. Kyela ningeipandisha mpaka namba mbili. Chagua ya sola ya volti 12: jua likiwa kali ndipo nayo inapozunguka kwa nguvu, na betri si lazima. Iweke chini, upepo upite juu ya migongo ya kuku, na nyaya zipitishe mahali wasipozidonoa.

Hata ukinunua vyote, usiwape chakula kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni siku za joto kali, maana kusaga chakula kunazalisha joto mwilini. Wape alfajiri na jioni.

Ukimkuta kuku ameshalala, mdomo wazi, mabawa yametanuka, mtoe nje kivulini na uitumbukize miguu yake kwenye beseni la maji ya kawaida, siyo ya barafu. Lowesha upanga na ndevu. Usimmiminie maji mdomoni, atapaliwa. Chovya mdomo wake tu. Akianza kunywa mwenyewe mwache hapo hapo, usimrudishe mpaka uweze kuligusa bati kwa kiganja bila kukitoa mbio.