Uzoefu wangu na L'Organiste ya César Franck: vipande vya kuziba ukimya kanisani

Kwa mpiga kinanda wa parokia, Utukufu si kazi ngumu. Kazi ni pale kwaya imeshamaliza wimbo wa komunyo, padre bado anasafisha kikombe, na kanisa zima limetulia. Miaka mingi nilikuwa nikiziba pengo hilo kwa kurudia kiitikio cha wimbo uleule, polepole, mpaka dada mmoja wa sauti ya pili akaniuliza kama nimesahau kuzima.

Tangu mwaka jana natumia L'Organiste, mkusanyiko wa vipande vifupi vya kinanda. César Franck alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde jijini Paris, na vipande hivi ni vya mwisho wa maisha yake. Alifariki Novemba 1890. Vikachapishwa mwaka 1892. Alivipanga kwa kupanda ufunguo kwa ufunguo (yaani nota ambayo kipande kimejengwa juu yake) kuanzia C, na kifo kikamkuta amefika A flati, A iliyoshushwa nusu hatua. Mwenzangu mmoja alishangaa kwa nini B haimo. Ndiyo hivyo, mzee hakufika.

Kilichonivuta ni urefu. Vingi ni vya ukurasa mmoja, vingine mistari michache tu, kwa sababu vililengwa kupokezana na waimbaji kwenye Magnificat, wimbo wa Bikira Maria: wao aya moja, kinanda aya inayofuata. Kila kundi la ufunguo mmoja linafungwa na kipande kirefu zaidi, kinachofaa matoleo au watu wanapotoka. Mpigaji wa pengo la komunyo anahitaji hicho hasa. Sentensi za Franck zinatua mara kwa mara, kwa hiyo padre akisimama ghafla na kusema "Tuombe", nabana nota mbili tatu na kutua bila aibu. Jaribu kufanya hivyo katikati ya fuga ya Bach, ambamo sauti zinafukuzana bila kutua, uone.

La pili, hakuna besi ya miguu. Viliandikwa kwa ajili ya harmoniamu, kinanda ambacho miguu ya mpigaji ina kazi ya kukanyaga mvukuto. Sisi wenye kinanda cha umeme cha vibonye 61, tusio na pedali chini, tunavipiga kama vilivyo bila kukatakata kitu. Ukiwa na ogani kubwa pia vinakubali. Zile namba ndani ya viduara juu ya mistari ni sauti za kuchagua kwenye harmoniamu. Mimi naziacha, naweka sauti ya filimbi laini, basi.

Vya C ndivyo vya kuanzia. Mkono wa kushoto hauhangaiki sana, ila usidanganywe na weupe wa mwanzo wa mstari usio na alama: kuna shapu na flati, alama za kupandisha na kushusha nota, zinazochomoza katikati ya mstari, na ukizipuuza wimbo unakuwa maji. Humo ndani kuna pia nyimbo za zamani za Noeli za Kifaransa. Nilipiga mojawapo kabla ya misa ya mkesha, na bibi mmoja akanifuata baadaye kuuliza maneno yake ya Kiswahili ni yapi.

Nota zenyewe nilizipakua bure kwenye IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, maana hakimiliki yake ilishakwisha. Kosa langu lilikuwa kuchapa steshenari bila kukagua: kurasa kadhaa zilikatwa chini, mstari wa mkono wa kushoto ukapotea wote. Mwambie mchapaji apunguze ukubwa kidogo, na usiondoke dukani kabla ya kufunua kila karatasi. Halafu, kabla ya misa, angalia kitufe cha kuhamisha ufunguo. Vijana wa kwaya walikiacha kwenye +2, nikaanza C ikatoka D, mikono na masikio vikagombana hadi mwisho.

Kwa misa ya uwanjani yenye jenereta na spika kubwa, sivipendekezi. Sehemu nyingi ni za kupiga taratibu na kwa upole, na upole huo hauvuki hata safu ya tano ya viti.

Natoa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya kundi la G flati. Flati sita! Nimelibana na klipu nyuma ya faili, na Jumapili hii narudi kwenye D.