Semina ya matumizi ya umeme nyumbani, Mtwara: ugomvi wa LUKU umeisha, joto bado tunalo

Mi ni mpangaji hapa Chikongola, nyumba ya bati, wapangaji wanne na LUKU moja, yani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Aliyewahi kuishi hivyo hahitaji maelezo. Kila uniti zikiisha ni kikao uani, nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, mwenye balbu moja anaona anaonewa na yule wa friji anaapa kabisa kwamba friji ikishapoa haili tena umeme (sijui katoa wapi hiyo). Tulikuwa tunachanga sawa kwa sawa, na kila mwezi kuna mtu kanuna.

Sasa mwezi wa kumi na moja wakapita mtaani wanatangaza mafunzo, Jumamosi tatu, elfu tano kwa kaya. Mi nilienda kwa ajili ya joto tu, maana upepo wa kusi ukishakata huku kwetu chumba cha bati hakilaliki, na nilishaanza kuulizia vyumba Magomeni, ya hapahapa Mtwara.

Swali la kwanza la mwalimu lilinishangaza, kasema kila mtu aipe nyumba anayoishi alama kati ya kumi afu aandike kinachomuudhi. Nikaandika nne. Nikadhani kinaniudhi chumba kidogo, kumbe nilivyoandika vyote vilikuwa joto: silali, feni usiku kucha, hela ya umeme, ugomvi na majirani. Chumba wala sikukitaja.

Jumamosi ya pili ndo ilikuwa tamu, hesabu. Wati mara masaa, gawa kwa 1000, hizo ndo uniti. Feni ya wati 75 masaa nane ni uniti 0.6, kwa bei ya kawaida ya kama shilingi 356 kwa uniti, kodi zikiwemo, ni shilingi 214 hivi kwa usiku, yani feni niliyokuwa nailaani miaka yote ni 6,400 kwa mwezi, siyo mchawi wangu. Mchawi alikuwa zile balbu za zamani za wati 60, uani mbili na korido moja, zinawaka masaa sita kila siku. Ukiweka LED ya wati 9 unaokoa uniti 9 kwa mwezi kwa balbu moja, kama 3,200 hivi, mi nilinunua 3,000 kila moja kwahiyo mwezi tu ishajilipa. Afu pasi, wati 1000 ukipiga lisaa na kitu unakula zaidi ya feni usiku mzima, na fundi cherehani wetu wa chumba cha mbele anapiga pasi kila siku jamani.

Akatuonyesha na kile kitaa chekundu cha kwenye mita kinachomwekamweka. Kwetu imeandikwa 1000 imp/kWh, kikimweka mara elfu umemaliza uniti moja. Nilirudi nyumbani nikawaita wote, tukazima kila kitu, tukawa tunawasha kimoja kimoja tunahesabu. Dada wa friji alinyamaza kimya, lile friji mpira wa mlango umelegea, ukibana karatasi inatoka yenyewe, motor haipumziki. Siku hiyohiyo tukapanga upya mchango kwa vitu vya mtu, na fundi cherehani mwenyewe kasema "basi mi ntaongeza, msinisimange tena." Tangu hapo hamna kikao.

Sasa joto. Hapa ndo nawakata alama, maana karibu kila walichosema ni cha mwenye nyumba: piga siling'i, paka bati rangi nyeupe, toboa matundu ya hewa juu ya ukuta. Wakatoa na mfano wa nyumba za zamani za Mikindani, kuta nene za mawe na chokaa, ndani baridi. Sawa mwalimu, ila mi ukuta siujengi. Nilimfuata baba mwenye nyumba kwa adabu zote, shikamoo baba, nikamweleza, akacheka akasema "mwanangu, joto la Mtwara hata mi nalala nalo." Alichokubali ni cha bure kwake: nikasimamisha uzio wa makuti upande wa magharibi kwenye ukuta wangu, kwasababu mwalimu alituambia tuguse ukuta saa kumi na mbili jioni na kweli ulikuwa kama sufuria. Moto wa ukuta umepungua. Sasa hivi feni nazima saa saba usiku, zamani ilikuwa hadi alfajiri.

Cha kodi ya jengo nacho hawakukigusa, 1,500 inakatwa kwenye LUKU kila mwezi na anayenunua umeme ni sisi, tulipouliza wakasema ongeeni na mwenye nyumba. Haya, tuliongea, ametuambia tutaona.

Siku ya mwisho walipika mbaazi kwa presha kuka ya umeme, nusu kilo haikumaliza hata nusu uniti, nzuri sana ila bei ya hilo sufuria kwa mpangaji ni ndoto kwanza, mkaa bado nanunua wa kopo.

Waliahidi watapita nyumba kwa nyumba baada ya mwezi, hawajapita mpaka leo na namba haipokelewi. Nawapa 6, na nyumba nimeipandisha, nayo 6. Magomeni sijaenda tena kuulizia, ila nikipata chumba chenye siling'i na LUKU yake mwenyewe, hamtanikuta hapa.