Kuziba madoa ya rangi kwenye uso wa saa: kazi ya fundi mmoja wa Darajani

Saa niliyoipeleka ni Seiko 5 ya marehemu baba, yenye uso mweusi na majina ya siku kwa Kiarabu na Kiingereza, kama zilivyokuwa nyingi kati ya saa za aina hiyo zilizotufikia Unguja kutoka Ghuba. Namba iliyochongwa mgongoni mwake inaanza na 7 na 3. Kwa desturi ya Seiko tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi, hivyo ilitengenezwa Machi 1977 au Machi 1987, na kwa kuwa mwaka 1977 baba alikuwa angali skuli, nimeukubali huo wa pili. Mashine inakwenda vizuri. Kilichonikera ni uso: kando ya kidirisha cha tarehe palikuwa na chubuko lisilozidi ncha ya kalamu, shaba ya chini ikimetameta kila saa ilipoelekea mwanga, na upande wa pili mistari miwili myeupe ya dakika ilikuwa imekatika. Makovu yote hayo yaliachwa miaka ya nyuma na fundi mwingine, ambaye aling'oa akrabu kwa bisibisi bila kuweka hata kipande cha karatasi cha kuukinga uso.

Fundi ninayeandika habari zake hapa ana kibanda chenye meza moja na mwanafunzi mmoja, na hana bango. Kabla ya kuipokea kazi alitaka kujua kama saa ni ya kuvaa au ya kuuza, kwa sababu wanunuzi wa saa za zamani huuhesabu uso uliopakwa rangi kuwa kasoro kubwa kuliko chubuko lenyewe. "Kama unataka kuiuza, mwanangu, iache na kovu lake," aliniambia. Nilimjibu kwamba haiuzwi, na hapo ndipo alipoiweka lenzi jichoni. Swali hilo moja lilinitosha kuniachisha wasiwasi, maana mafundi wengi wa mjini huona chubuko na papo hapo hutaja bei.

Hata hivyo, mara ya kwanza kazi haikwenda sawa. Niliporudi baada ya siku tano, mistari ya dakika ilikuwa imeunganishwa vizuri sana, lakini chubuko la kando ya tarehe lilikuwa palepale. Chanzo chake ni namna tunavyosoma saa. Nilikuwa nimemwambia mwanafunzi kwamba doa kubwa liko saa tisa, na kwangu mimi, kama kwa kila aliyefundishwa saa nyumbani, saa tisa ni pale akrabu fupi inapolala kulia, kwenye tarehe. Mwanafunzi akaandika "doa, 9" juu ya bahasha, bila neno jingine. Mzee, ambaye huagiza vipuri kwa hesabu ya kiwandani, akaisoma 9 hiyo kuwa ni kushoto, na kwa bahati mbaya kushoto nako kulikuwa na cha kutengenezwa. Uso wenyewe hauna tarakimu za kumzindua, una vijiti vitupu. Mimi nilikosea kwa kutokuonyesha kwa kidole, lakini bado nasema kwamba mtu mwenye macho kama yake, aliyeushughulikia uso ule kwa siku kadhaa, alipaswa kuliona doa la upande wa pili na kuuliza. Aliomba radhi bila maneno mengi, akakataa malipo ya ziada, na akaniruhusu kukaa pembeni nitazame kazi ikifanywa upya.

Nashukuru nilikaa. Alifungua mgongo wa saa, akachomoa kifungo cha pembeni, akaitoa mashine na uso wake kwenye ganda. Akrabu alizinyanyua kwa vijiti viwili vyenye ncha bapa, akiwa kwanza ametandika karatasi ya plastiki juu ya uso. Vumbi alilipeperusha kwa kipulizio cha mpira, kwani mtu akipuliza kwa mdomo hutupa mate, na alama ya mate juu ya rangi nyeusi haitoki kwa urahisi. Hakugusa spiriti kabisa. Maandishi ya uso wa saa hupigwa kwa mto laini wa silikoni unaobeba wino kutoka kwenye bamba lililochongwa, na wino huo hukaa juu kama utando mwembamba tu. Kitambaa chenye spiriti kinaweza kuondoka na jina lote la saa kwa mpanguso mmoja.

Sehemu iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kuitafuta rangi. Nilikuwa nikidhani nyeusi ni nyeusi. Mezani palikuwa na vikopo viwili vidogo vya Humbrol vya mililita 14, rangi ya mafuta wanayotumia watu wa kuunda vinyago vya ndege na meli: namba 33, nyeusi isiyong'aa, na namba 21, nyeusi inayong'aa. Alichanganya matone ya vyote viwili juu ya kipande cha kioo, kwa kuwa uso wa saa ya baba haung'ai sana wala haukufifia, kisha akaongeza chembe ya kahawia, kwa maelezo kwamba weusi wa miaka mingi huelekea huko. Kila mchanganyiko aliujaribu kwanza kwenye uso wa saa mbovu, akausubiri ukauke, akaugeuzageuza dirishani. Mchanganyiko wa nne ndio aliouafiki. Mwanga wa ubavuni, alisema, ndio mfichuaji: rangi inaweza kulingana kabisa ukiitazama kwa juu, ukiinamisha saa kidogo ikaonekana kama kiraka cha suruali.

Kupaka kwenyewe hakukuhitaji brashi. Alitumia sindano ya kutilia mafuta kwenye mashine, ambayo ncha yake imefinywa ikawa kama mkuki mdogo, akachota tone ambalo mimi bila lenzi sikuliona. Rangi ilikuwa imepunguzwa kwa thina, kwa sababu iliyo nzito husimama kama kipele na kukauka hivyohivyo. Aliligusisha tone katikati ya chubuko na kuliacha lijisambaze lenyewe mpaka kwenye kingo, asilisukume. Kisha akafunika uso kwa bilauri iliyogeuzwa, vumbi lisitue, na akaniambia nirudi baada ya siku nne, kwani mkono wa pili haupakwi mpaka wa kwanza uwe umekauka siku nzima, na chubuko lile lilihitaji mikono mitatu.

Saa ikiwa mkononi, sioni kitu, na mke wangu, ambaye hunificha machache, naye hakuona kitu. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10 unaonekana mpaka wa mviringo ambapo rangi mpya inakutana na ya zamani. Naona ni sawa iwe hivyo. Nimewahi kuziona nyuso ambazo fundi alitaka kuuficha mpaka huo kwa kuitandaza rangi nje ya chubuko, na chubuko la nusu milimita likageuka doa la milimita tatu ambalo kila mtu analiona kutoka ng'ambo ya meza.

Kuna kazi ambazo hazipokei, na kwangu hilo linaongeza sifa yake. Shemeji yangu alileta saa yenye uso wa buluu wa miale, yaani ule ambao chuma chake kimesuguliwa kuanzia katikati kwenda nje na kupakwa rangi inayopenyesha mwanga. Alirudishiwa pale pale, kwa kuwa tone lolote litaziba miale na kubaki kama nzi juu ya kioo. Saa nyingine, ya kale zaidi, yenye tarakimu za kung'aa gizani zilizoanza kubanduka, hakuifungua hata kifuniko. Saa nyingi za aina hiyo za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mnururisho, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu tu baada ya takriban miaka 1,600. Rangi ikiacha kung'aa, kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga, si radiamu, na unga wake ukivutwa puani ni hatari. Saa zilizoandikwa "T SWISS MADE T" chini ya uso ni za tritiamu, ambayo ni dhaifu zaidi, lakini hizo nazo hazikwangui.

Nililipa shilingi elfu arobaini kwa yote, bei ambayo kwa saa ya dukani ya kawaida ni kubwa, na kwa kazi ya saa nyingi za macho naiona ndogo. Hapakuwa na risiti. Pia kibanda hakina mashine ya kupima kama maji yanaingia, na saa iliyofunguliwa haina dhamana ya maji hata kama mpira wake umepakwa mafuta upya. Mzee mwenyewe alinionya nisitawadhe nayo. Usiku wa kwanza niligundua uzi mfupi wa pamba umenaswa chini ya kioo, karibu na kijiti cha juu. Nilirudi asubuhi, akaunyanyua kwa kinata cha kijani kisichoacha alama, kazi ya dakika kumi na tano, ingawa ingefaa aione yeye kabla ya kufunga.

Kibanda hufungwa Ijumaa kuanzia kabla ya adhuhuri. Saa ya dada yangu iko kwake sasa hivi. Juu ya bahasha sikuandika namba yoyote. Nilichora duara, nikachora kidirisha cha tarehe, na palipochubuka nikatia kitone cha wino mwekundu.