Mkokoteni wa maksai kutoka Igoma, Mwanza: bodi safi, magurudumu sasa...

Nimekaa nao miezi minne kwanza ndo naandika, maana mkokoteni hausifiwi siku unaponunuliwa, unasifiwa ukishabeba mpunga. Niliuagiza kwa fundi mmoja wa kuchomelea huku Igoma, laki 8 na nusu, nusu unatanguliza.

Bodi sina neno. Mninga mkavu, mvua imeunyeshea na haujapinda hata ubao mmoja, ekseli ya pikapu mbovu kama kawaida yetu. Nikaomba anifungie na springi za hiyo pikapu, mzee akacheka, "mwanangu, gunia huwa linaumwa mgongo?" Nikamwambia mzee, hata magari ya farasi ya zamani bodi ilikuwa inaning'inizwa kwa mikanda ya ngozi, halafu 1804 Obadiah Elliott wa Uingereza akaja na springi za bapa zilizokunjwa kama jicho, kila mwenye farasi akazitaka. Akazifunga kwa elfu 60 juu, na kweli, makorongo ya kwetu ndani ndani huko Kisesa napita na magunia 8 na hakuna linalopasuka.

Shida ni chini. Bering'i aliweka za mtumba bila kuniambia, wiki ya pili moja ikaanza kulia mpaka maksai wanageuka kuangalia. Tairi nazo vipara, miiba ya migunga imenipa pancha tatu. Hapo ndo niliyaonea wivu yale magurudumu ya magari ya farasi ya wenzetu: kitovu mti wa elm, spoki za mwaloni (mti jamani, sio soko la Mwaloni Kirumba la dagaa), duara la nje mti wa ash, halafu pete ya chuma inatengenezwa ndogo kidogo kuliko gurudumu, inapigwa moto itanuke, inavishwa ikiwa ya moto na kumwagiwa maji, inasinyaa na kubana kila kiungo. Pancha utaitoa wapi? Ila kwenye tope la mashamba ya mpunga chuma chembamba vile kingezama kama kisu, kwa hiyo tairi nabaki nayo.

Bering'i alibadilisha bure, hakubisha, ila kuuswaga mpaka kwake kwa barabara ya Musoma katikati ya malori ilikuwa juu yangu. Nampa nyota 3 na nusu. Ukienda nunua bering'i mpya mwenyewe, na usimame pale pale anapofunga.