Rimula R4 X au R6 M: oili ipi kwa lori la dizeli?

Kwa lori la zamani lisilo na chujio la masizi kwenye ekzosti, R4 X ya Shell, oili ya madini ya 15W-40, inatosha kabisa. R6 M ni sintetiki ya 10W-40. Injini ikishapata moto, zote mbili zina uzito wa daraja lilelile, 40. Tofauti ya 15 na 10 huonekana asubuhi ya baridi: Makambako utaisikia, Dar es Salaam huioni.

Sintetiki inashinda kwenye tabo (turbo), feni inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi wa ekzosti. Joto la pale huunguza oili ya madini ikaacha ukoko kwenye njia nyembamba za kulainisha beringi. Hata hivyo, ukitoka mlimani na mzigo, acha injini isailensi, yaani iunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, dakika 3 kabla ya kuzima, oili yoyote uliyoweka.

Bei ya R6 M hurudi tu ukirefusha muda wa kubadilisha, ndani ya kikomo cha kitabu cha gari. Ukiimwaga kila kilomita 10,000 kama ya madini, umetupa pesa.

Injini chakavu ikihamia sintetiki, sabuni zake zinaweza kung'oa uchafu na kuziba filta. Mara ya kwanza mwaga mapema, na filta mpya. Weusi usikutishe, ni masizi. Kina cha oili kwenye kijiti cha kupimia kikipanda chenyewe ndipo uogope: huenda dizeli inavujia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini; kagua nozeli zinazonyunyiza dizeli. Lori lenye chujio la masizi lipe oili ya majivu machache, R6 LM.